Kwa Nini Mtandao Huyumba Mvua Inaponyesha: Umbo la Tone na Mwelekeo wa Wimbi

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Muthangari na mitaa jirani



Kila masika yanapoanza, lalamiko moja hurudi. Wingu zito linashuka kutoka upande wa Ngong saa kumi jioni, mvua inapiga mabati, na mtandao katika gorofa unaanza kukwama. Duka la dawa linashindwa kupokea malipo ya simu. Mwanafunzi aliye katikati ya mtihani wa mtandaoni anatolewa nje. Nusu saa baadaye mvua inatulia na kila kitu kinarudi kana kwamba hakuna lililotokea. Kesho yake fundi anaitwa, anapanda juu ya paa, anageuza dishi kidogo, anachukua malipo yake na kwenda zake. Mvua inayofuata mambo ni yale yale, au yamekuwa mabaya zaidi.

Watu wengi hulaumu mnara, wengine hulaumu kampuni, na wapo wanaoamini kwamba radi ndiyo inayoharibu. Mara nyingi sababu ni ya kawaida kuliko hayo. Ni maji yenyewe, na hasa ni umbo la tone la maji linapoanguka.

Muthangari imekaa mahali pazuri pa kulizungumzia jambo hili. Kwa upande mmja kuna Waiyaki Way, ambako yapo makao ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, inayotoa leseni za masafa ya redio. Kwa upande wa pili, pale Dagoretti Corner kwenye barabara ya Ngong, ndipo yalipo makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa, inayopima mvua. Taasisi moja husimamia mawimbi, nyingine husimamia habari za mvua, na shida ya mkazi iko mahali ambapo vitu hivyo viwili vinakutana hewani.

Kwanza ifahamike ni wimbi lipi linalosumbuliwa. Simu ya mkononi huzungumza na mnara kwa mawimbi marefu kiasi, ya sentimita kumi au hata arubaini. Wi-Fi ya nyumbani nayo hutumia mawimbi ya sentimita sita hadi kumi na mbili hivi. Mawimbi hayo hupita katikati ya mvua bila shida ya maana, kwa sababu tone la mvua ni dogo mno mbele yake. Ndiyo maana mtu anaweza kuona mistari yote ya mtandao imejaa kwenye simu yake wakati wa mvua, lakini ujumbe hauendi. Simu inausikia mnara vizuri kabisa. Kinachokwama ni njia ya nyuma, ile inayoutoa mzigo kwenye mnara na kuupeleka kwa mnara mwingine au kwenye kituo kikuu.

Tangu nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, minara mingi imeunganishwa kwa faiba. Lakini si yote, wala si kila jumba. Mkazi akitazama juu ya paa za maghorofa ya Lavington, Kileleshwa au Kawangware ataona vile vyombo vya duara vilivyofunikwa kama ngoma, vinatazamana kutoka jengo hadi jengo. Hivyo ndivyo viungo vya maikrowevu. Kwa safari ndefu hutumika masafa ya chini kama gigahezi 7 au 8. Kwa safari fupi za mjini, kwa kawaida hutumika gigahezi 15, 18, 23 na kuendelea. Kwenye gigahezi 20 wimbi lina urefu wa milimita 15 tu. Tone nene la mvua lina milimita nne au tano. Hapo tone si dogo tena. Linalifyonza wimbi, likageuza sehemu ya nguvu zake kuwa joto, na sehemu nyingine likaitawanya kila upande.

Sasa lije suala la mwelekeo, ambalo mafundi huliita polaraizesheni. Chukua kamba, funga ncha moja kwenye mti, shika ncha nyingine. Ukiitikisa juu na chini, mawimbi yanayokwenda kwenye mti yanapanda na kushuka. Ukiitikisa kushoto na kulia, yanakwenda yakiwa yamelala. Wimbi la redio nalo lina mtikisiko wake, wa umeme, na fundi huamua tangu mwanzo kama mtikisiko huo utakuwa wa wima au wa mlalo. Pitisha kamba ile kati ya vyuma vya dirisha vilivyosimama: mtikisiko wa juu na chini utapita, wa kushoto na kulia utagonga vyuma na kufa. Mwanasayansi wa Kihindi Jagadish Chandra Bose alilionyesha jambo hili kwa mawimbi mafupi ya redio katika miaka ya 1890, na moja ya vifaa vyake kilikuwa kitabu cha ratiba za treni kilichotiwa karatasi za bati baina ya kurasa. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya dishi moja la leo.

Mvua haina vyuma vya dirisha. Basi kwa nini ijali kama wimbi ni la wima au la mlalo?

Katika vitabu vya watoto na kwenye matangazo, tone la mvua huchorwa kama chozi, lenye ncha juu na tumbo chini. Picha hiyo ni ya uongo. Tone dogo, lisilofika milimita moja, ni la mviringo kama shanga, kwa sababu ngozi ya maji hulivuta kutoka pande zote sawasawa. Tone likiwa kubwa zaidi huanguka kwa kasi zaidi, na hewa hulisukuma kutoka chini. Tumbo lake linabonyea, mbavu zake zinatanuka. Likifika milimita nne hivi linafanana na skonzi: bapa chini, mviringo juu, pana kuliko urefu wake. Likizidi hapo sana, hupasuka na kuwa matone madogo. Wataalamu wamelithibitisha hili kwa kulielea tone ndani ya bomba lenye upepo unaopuliza kwenda juu, kisha kulipiga picha.

Kwa hiyo hewa iliyojaa mvua kubwa ni hewa iliyojaa skonzi za maji, zote zimelala kwa ubapa. Wimbi la mlalo hutikisika sambamba na upana wa tone, na hivyo hukutana na maji mengi zaidi katika kila mtikisiko. Wimbi la wima hukutana na upande mfupi. Yote mawili hudhoofika, ila la mlalo hudhoofika zaidi. Katika manyunyu ya Julai tofauti hiyo haionekani, kwa kuwa matone ni madogo na ya mviringo. Katika mvua ya Aprili ya matone mazito, inaonekana waziwazi.

Kipimo cha kudhoofika huitwa desibeli. Desibeli 3 zikipotea, nguvu imebaki nusu. Zikipotea 10, imebaki sehemu moja ya kumi. 20, moja ya mia. Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, hutoa kanuni ambazo wahandisi kote duniani huzitumia kukadiria hasara ya mvua. Kwa kanuni hizo, mvua ya milimita 50 kwa saa kwenye gigahezi 20 hula takriban desibeli 5.7 kwa kila kilomita ikiwa wimbi ni la mlalo, na takriban 4.5 ikiwa ni la wima. Tofauti ya desibeli moja na kidogo yaweza kuonekana kama kitu cha kupuuza. Lakini hasara hujilimbikiza. Tuseme kiungo kina kilomita tatu na mvua ni sawa njia nzima. Wimbi la mlalo litafika likiwa na takriban sehemu moja katika 50 ya nguvu zake, na la wima likiwa na sehemu moja katika 23. Ni zaidi ya maradufu, kwa mvua ileile, kwenye paa zilezile, kwa sababu tu ya jinsi kichwa cha antena kilivyofungwa.

Kwenye gigahezi 7 mvua hiyohiyo hula chini ya desibeli moja kwa kilomita, na ndiyo maana masafa ya chini huachiwa safari ndefu. Kwenye gigahezi 80, ambayo siku hizi hutumika kwa viungo vifupi vyenye mzigo mkubwa, hasara ni desibeli 18 au 19 kwa kilomita, na hapo mwelekeo hausaidii sana. Dawa pekee ni kufupisha njia.

Mhandisi anayepanga kiungo huwa anaweka akiba ya nguvu kwa ajili ya siku ya mvua, kama vile mwenye duka anavyoweka chenji. Akiba ikianza kuliwa, vifaa vingi vya kisasa havikatiki mara moja; hupunguza kasi ili ujumbe usikike. Huo ndio wakati ambao picha ya video inaganda na malipo yanachukua dakika mbili. Akiba ikiisha, kiungo kinakufa mpaka mvua ipungue. Ahadi ya kiungo kufanya kazi kwa asilimia 99.99 ya mwaka inasikika kama ahadi ya ukamilifu, lakini asilimia ile ndogo iliyobaki ni dakika 53 kwa mwaka. Dakika hizo hazigawanywi sawasawa mwezi kwa mwezi. Huja zote katika majira ya mvua, pengine jioni tatu au nne za Aprili na Novemba, na huja wakati uleule ambao watu wanataka kupiga simu nyumbani kuuliza kama barabara inapitika.

Lipo na jambo la pili, ambalo halihusu kudhoofika. Kwa kuwa masafa ni machache na yana gharama, kampuni hutuma mizigo miwili kwa masafa yaleyale, mmoja kwa wimbi la wima na mwingine kwa wimbi la mlalo. Siku ya jua mizigo hiyo hupishana bila kugusana. Mvua ikija na upepo, skonzi za maji hazilali tena bapa, huinama upande. Wimbi la wima likipita kwenye tone lililoinama, sehemu yake hugeuka kuwa ya mlalo, na la mlalo vivyo hivyo. Mzigo mmoja unaanza kuvujia kwa mwenziwe. Hapo nguvu inaweza kuwa ya kutosha na bado maneno yasieleweke, kama watu wawili wanaoongea kwa pamoja kwenye chumba kimoja. Vipo vifaa vya kusafisha uvujaji huo, na hufanya kazi nzuri mpaka kiwango fulani cha mvua. Chembe za barafu zilizo juu ya mawingu nazo hugeuza mwelekeo wa wimbi linalotoka setilaiti, hata pale ambapo hazilidhoofishi sana. Kituo cha setilaiti cha Longonot kilipofunguliwa mwaka 1970, kilitumia masafa ya chini ambayo mvua haiyaumizi sana; lakini setilaiti za baadaye zilipoanza kutumia mielekeo miwili kwa pamoja, uvujaji huu ukawa jambo la kuhesabiwa hata kwenye masafa hayo.

Kwa upande wa dishi za televisheni, Nairobi ina bahati ya pekee. Jiji liko karibu na nyuzi 37 mashariki na chini kidogo ya ikweta. Setilaiti za televisheni zilizo nyuzi 36 mashariki ziko karibu wima kabisa juu ya vichwa vya wakazi. Wimbi lao linashuka kutoka juu, na skonzi ikitazamwa kutoka juu au chini ni duara. Kwa hiyo ulalo wa tone haupendelei mwelekeo wowote, na njia ya wimbi ndani ya mvua ni fupi kuliko ile anayoipata mtazamaji wa Ulaya, ambaye dishi lake linatazama kando. Ubaya wake ni kwamba dishi linalotazama juu linaweza kutuamisha maji na majani. Kulisafisha kabla ya masika kuna faida kuliko kuligeuza.

Na hilo la kugeuza linastahili kusemwa kwa uwazi. Kiungo cha paa hadi paa lazima ncha zote mbili ziwe na mwelekeo mmoja. Fundi akizungusha kichwa cha antena upande mmoja kwa robo duara bila mwenzake wa upande wa pili kufanya hivyo, wimbi hupoteza zaidi ya sehemu 99 katika 100, mvua iwe inanyesha au jua linawaka. Wapo mafundi wanaojua hayo, na wapo wanaozungusha tu mpaka taa iwake. Mvua ikishapita na mtandao ukarudi wenyewe, hakuna kilicholegea na hakuna cha kugeuza. Cha kuuliza ni kama kiungo kimefungwa kwa wima au kwa mlalo, kina urefu gani, na kiko kwenye masafa gani. Hatua ya kubadilisha kutoka mlalo kwenda wima hufanywa na mtoa huduma kwa ncha zote mbili, baada ya kuhakikisha kwamba hatamwingilia jirani anayetumia masafa hayo.

Mkazi naye anaweza kutofautisha shida kwa saa yake ya mkononi. Mtandao ukipotea dakika chache baada ya mvua kubwa kuanza, ukarudi mvua inapopungua hata kama bado inanyesha, hiyo ni mvua. Ukipotea pamoja na stima na kurudi pamoja na stima, au saa kadhaa baada ya stima kukatika, basi ni betri ya mnara iliyoisha. Ukiendelea kupotea siku nzima baada ya mvua, kuna maji kwenye waya au kifaa kimeungua. Na ukipungua kidogo kidogo kwa miezi bila kujali mvua, tazama kama kuna ghorofa jipya linaloinuka kati ya paa mbili. Katika mitaa hii hilo limekuwa jambo la kila mwaka.

Shida hii ina upande mwingine, na pengine ndio wenye thamani zaidi kwa kaunti. Kama mvua hula nguvu za wimbi kwa kiasi kinachojulikana, basi nguvu zilizoliwa zinaweza kusema ni mvua kiasi gani imenyesha. Mwaka 2006 Hagit Messer na wenzake nchini Israeli walionyesha kwamba kumbukumbu za kampuni za simu zinaweza kupima mvua. Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi walichora ramani za mvua za nchi nzima kwa kutumia viungo vipatavyo 2,400. Mwaka uliofuata, matokeo ya kiungo cha kilomita 29 nchini Burkina Faso yalichapishwa, na kiungo hicho kilitambua siku 95 kati ya kila siku 100 za mvua. Mwaka huohuo wa 2014 ulichapishwa mpango uliokuwa ukitengenezwa kwa ajili ya Kenya: kampuni ya simu itoe takwimu za viungo vyake, zichanganywe na picha za setilaiti ya hali ya hewa, na onyo la mafuriko ya ghafla lirudi kwa wananchi kupitia simu zilezile.

Hapa mwelekeo wa wimbi hurudi tena. Anayetaka kugeuza desibeli kuwa milimita za mvua lazima ajue kiungo ni cha wima au cha mlalo, la sivyo atakadiria mvua nyingi au chache kuliko iliyonyesha. Na kiungo chenye mielekeo yote miwili kina habari za ziada: tofauti kati ya hasara mbili huonyesha kama matone yalikuwa mazito au membamba. Rada za kisasa za hali ya hewa hufanya kazi kwa wazo hilohilo, lililopendekezwa na Seliga na Bringi mwaka 1976, na ndivyo zinavyoweza kutofautisha mvua ya mawe na mvua ya maji.

Jambo hili si la kitabuni kwa Nairobi. Mto Nairobi hutoka kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, ukapita pande za Dagoretti na Kawangware kabla ya kufika Chiromo na katikati ya jiji, kisha ukaelekea mitaa ya mashariki ambako nyumba zimesongamana kandokando ya maji. Mvua inayojaza mto huo mara nyingi imenyesha juu huku, wakati kule chini bado ni kukavu. Vipimo vya mvua vya ardhini ni vichache, na kila kimoja hupima mahali pake tu. Mvua yaweza kupiga James Gichuru Road na kuiacha Dagoretti Corner. Viungo vya maikrowevu viko tayari juu ya paa, kila kimoja kikipima mstari mzima wa kilomita kadhaa. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliua watu zaidi ya 200 nchini, na nusu saa ya onyo huko Mathare au Mukuru ni muda wa kutosha kumbeba mtoto na kuondoka kando ya mto.

Kwa sasa, mkazi anayepata shida ya mtandao wakati wa mvua aandike tarehe, saa ilipoanza, saa iliporudi, na kama stima ilikuwapo. Maandishi ya mvua nne au tano yanatosha. Ayapeleke kwanza kwa mtoa huduma wake na kuomba jibu la maandishi. Asipojibiwa au asiporidhika, Mamlaka ya Mawasiliano hupokea malalamiko ya wateja, na ofisi zake kwenye Waiyaki Way si mbali na hapa. Wenye zahanati, maduka ya dawa na shule wanashauriwa wawe na njia ya pili isiyotegemea paa lilelile, na kama faiba imepita barabarani kwao, waulize bei yake kabla mvua hazijaanza, kwa sababu zikishaanza mafundi wote wanakuwa juu ya paa za watu wengine.